Bwawa Juu ya Bahari

Suji, Jumapili usiku

Na bado siamini. Meli kubwa kuliko soko zima la Same, katikati ya Mediterania, na juu yake bwawa la kuogelea! Maji juu ya maji.

Leo baada ya ibada nimemwonyesha mama video za likizo ya melini aliyonilipia dada. Nimeudhika kidogo. Hakujali vyakula wala taa, ameng'ang'ania bwawa tu.

"Ndiva yao hii wanafungulia mashamba ya nani?"

"Hakuna mashamba, mama. Ni ya kuchezea."

Akaisogelea simu. "Rudisha nione tena."

Kesho ni zamu yetu ya kumwagilia, na ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mashamba, haijafika nusu. Nayahofia mahindi.

Sikumwambia kwamba siku ya kwanza melini nililizunguka bwawa lile lote, nikitafuta mfereji wa kwenda mashambani.