Ndiyo ya Kwetu

Gaithersburg, Maryland
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako dada yangu Zuhura,

Assalaam aleykum. Nianze na magoti yako kabla ya jambo lingine lolote. Yale mafuta uliyopewa yanasaidia, au bado unashika ukuta ukitoka kuswali? Na kifua cha shemeji kimetulia? Sisi huku alhamdulillahi tu wazima, baridi imeanza kulegea, na Salma amekua mpaka viatu vyangu vinamtosha na havirudishi.

Barua hii inakuja na mama mmoja wa msikitini kwetu anayekwenda Tabora kumuuguza mzazi wake. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunikatiza, dada. Usikasirike. Umenilea, una haki ya kunikatiza. Lakini safari hii neno langu ni refu na nataka lifike mwisho.

Wiki iliyopita kabla mtandao haujakata ulisema hivi: "Mwanamke wa miaka arobaini na sita, kashafeli mara moja, bado anang'ang'ania mtihani wa watoto. Wewe si ndiye mwanamume wa nyumba hiyo? Kwa hiyo hutamkataza?" Simu ikafa nikiwa bado sijafungua mdomo. Swali lako nimelibeba wiki nzima, nimefua mashuka ya hospitali nalo, nimeswali nalo. Nitalijibu humu humu. Nisikilize kwanza.

La kwanza, wifi yako hakufeli. Mtihani wa kuingilia shule ya sheria hauna kufeli wala kufaulu, una alama tu, zinaanzia mia na ishirini na kuishia mia na themanini. Mwajuma alipata mia hamsini na moja. Shule anayoitaka, ile inayofundisha jioni ili mtu asiache kazi yake, inataka zaidi ya hapo. Basi. Mtu anakwenda Mwanza, ukimkuta Nzega husemi amepotea.

La pili ni la aibu yangu mimi. Nilipoacha kuendesha gari la hospitali la kubebea wazee nikahamia kwenye kufua mashuka, nilikwambia ni mgongo. Haikuwa mgongo. Mungu anisamehe, na wewe unisamehe.

Ilikuwa hivi. Jino lilinivimba. Nesi wa pale kazini akanifungia barafu kwenye kitambaa cheusi, nikaishikilia shavuni huku narudisha gari likiwa tupu. Polisi akanisimamisha, akasema naongea na simu. Nikamwonyesha barafu yangu, na barafu yenyewe imeshayeyuka, kimebaki kitambaa kinachotiririka maji. Akaniandikia karatasi, nikamweleze jaji.

Mahakamani waliniuliza kama nataka mkalimani. Nikakataa kwa kiburi. Miaka kumi na moja nipo huku, nikalimaniwe nini? Jaji alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya upole kabisa. Akaniuliza, "Hukuwa unatumia simu?" Nami nikajibu kwa furaha, "Yes!" Yaani ndiyo, ni kama usemavyo, sikuwa natumia. Si ndivyo tunavyosema? Ukiniuliza, "Hujala?" nikakujibu, "Ndiyo," wewe utaniletea sahani. Kumbe kwao yes ya mahali pale maana yake nilikuwa naitumia. Yule mama akataka kuhakikisha, akauliza tena, "Kwa hiyo hukatai?" Nikapaza sauti, "No!" Yaani si hivyo, nakataa. Na kwao no hiyo maana yake sikatai.

Dada, nilijifunga mara mbili, mara ya kwanza kwa ndiyo, mara ya pili kwa hapana. Jaji hakuwa na ubaya wowote. Aliandika alichosikia.

Mwajuma alikuwa benchi la nyuma. Alisimama, akaambiwa akae. Tulipotoka kwenye ukumbi akaniegemeza ukutani kama mtoto, akasema, "Baba Salma, umejifunga kamba mwenyewe halafu ukawakabidhi ncha." Nikadhani atacheka. Hakucheka. Akaniuliza, "Wenzetu wangapi wanajifunga hivi kila siku, na hawana hata mtu wa benchi la nyuma?" Kazini nako sheria yao ni kwamba dereva akipatikana na hatia ya simu hashiki usukani tena. Nikaenda kwenye mashuka, na wifi yako, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shahada yake ya jioni aliyoisoma miaka saba, akaenda kutafuta vitabu vya mtihani wa sheria.

Sasa uelewe mtihani wenyewe, maana wewe unadhani ni wa kukariri. Haukaririki hata kidogo. Wanakupa maneno ya mtu anayebishana, mistari minne mitano, wanakuuliza hoja yake imepasuka wapi. Majibu matano, manne ya uongo yamevalishwa nguo za ukweli. Na dakika zako ni thelathini na tano kwa kila fungu.

Mwajuma alisoma kila siku baada ya alfajiri kabla ya kazi, na Jumamosi akajiwekea saa akafanya mtihani mzima wa mazoezi. Akapata mia hamsini na moja. Jumamosi nyingine mia hamsini. Mia hamsini na mbili. Mia hamsini na moja. Miezi mitano, dada, gurudumu linazunguka na gari liko palepale kwenye tope. Wale vijana anaosoma nao kwenye kompyuta wakamwambia dawa ni kufanya mitihani mingi zaidi. Akafanya miwili kwa wiki, akafanya mitatu. Kisha akaenda kufanya mtihani wenyewe, na ile mia hamsini na moja ikamfuata mpaka huko. Siku matokeo yalipotoka aliingia bafuni akafungulia maji ili tusimsikie. Tulimsikia.

Mimi ni wa kidato cha pili, unajua mwenyewe niliishia wapi na kwa nini. Lakini nilimgongea mlango nikamwambia ninachokijua. Nikamwambia, maalim wetu wa madrasa ukikosea aya hakuruhusu uende mbele. Unabaki papo hapo, unairudia, anakuuliza ulimi wako umeteleza kwenye herufi gani, mpaka unyooke. "Wewe Mama Salma unasoma msahafu mzima kila Jumamosi," nikamwambia, "na kosa lako liko aya ileile."

Maji yakafungwa. Akatoka, macho mekundu, akasema, "Rudia ulichosema."

Akaacha mitihani kwa mwezi mzima. Akanunua daftari, akaanza kuandika makosa yake tu. Si jibu sahihi lilikuwa lipi, hapana, bali yeye alivutwa na lipi na kwa nini. Na kila Jumamosi asubuhi mimi nikikanda maandazi ananieleza makosa hayo kwa Kiswahili, maana alisema kama hawezi kunieleza mimi basi hajaelewa. Nikamwambia asante kwa sifa.

Siku moja akanipa hili: "Hakuna anayeingia ukumbini bila tiketi. Juma ana tiketi. Je, yumo ukumbini?"

Nikasema, "Yumo."

"Na mimi nilisema yumo. Tumekosa wote."

Nikakaa na unga mikononi nikawaza. Kisha nikamwambia, "Aa, ni udhu. Huwezi kuswali bila udhu. Lakini mtu anaweza kuwa na udhu wake na yuko jikoni anakaanga maandazi."

Alicheka mpaka akashika meza. Akaandika pembeni mwa daftari kwa herufi kubwa, UDHU. Tangu siku hiyo kila akikutana na swali la namna ile anaandika udhu pembeni, na halimkamati tena. Watoto wa watu wanalipia walimu, dada, na wifi yako amefundishwa na fundi wa mashuka.

Kazini nilimsimulia mwenzangu Mutua, Mkamba wa Kenya tunayekunja naye. Akanicheka. "Mzee, bibi yako akikuwa lawyer utakuwa unaomba ruhusa ya kunywa chai!"

"Bibi yangu alifariki Tabora zamani," nikamwambia. "Huyu ni mke wangu."

"Bibi ni bibi, bwana. Atakuwacha, wacha nikuambie."

Nikamwambia mwanamke aliyenisimamia mahakamani nikiwa nimejifunga mwenyewe hawezi kuniacha nikiwa nimefunguliwa. Akakunja shuka. Nimekuandikia hili kwa sababu wewe pia, kwa maneno mengine, umeniambia alichosema Mutua.

Basi udhu ulimpandisha mpaka mia hamsini na nne. Ikashuka moja, ikarudi. Bado kulikuwa na makosa yaliyokataa kufa, na yeye haoni yanafanana kwa lipi. Mpaka asubuhi ya chai.

Nilikuwa nimetoka zamu, nimekaa mezani, birika liko mbele yangu. Mwajuma bila kuinua kichwa kwenye daftari akaniuliza, "Baba Salma, hujanywa chai?"

"Ndiyo," nikasema.

Salma akapita, akachukua birika, akamwaga chai yote kwenye sinki na kuanza kuliosha.

"Wewe mtoto! Chai yangu!"

Akageuka na povu mikononi. Unajua yeye Kiswahili anakisikia lakini anakijibu kwa Kiingereza. Akasema kwa hicho Kiingereza chake kwamba mimi mwenyewe nimesema ndiyo, nimekunywa. Nikasema nimesema ndiyo, sijanywa! Tukabishana pale, chai inaishia kwenye bomba.

Mwajuma kalamu ilimganda hewani. "Nyamazeni," akasema. Akafungua daftari kurasa za nyuma, akapitisha kidole, ukurasa hata ukurasa. Maswali yaliyosema yote ni kweli isipokuwa lipi. Maswali yaliyouliza lipi haliwezi kuwa si kweli. Kila penye kukanusha, alikuwa akiitikia maneno ya swali kama tunavyoitikia sisi, kisha anachagua jibu la upande wa pili. Akaniangalia. "Ni ile ndiyo yako ya mahakamani," akasema. "Iko kichwani mwangu mimi pia."

Dada, sikujua nicheke au nilie. Neno lililoniondoa kwenye usukani ndilo lililokuwa limemnasa yeye kwenye tope.

Tangu hapo kila akiona neno la kukanusha analizungushia duara, analigeuza kwa Kiswahili kwa sentensi nzima, ndipo anagusa majibu. Mwanzo ilimla muda, alama zikashuka, akakasirika, akataka kuacha duara. Nikamwambia bakia kwenye aya. Akabakia. Mia hamsini na saba. Mia hamsini na tisa. Jumamosi ya jana, mia sitini na moja. Salma ndiye aliyesoma kwenye skrini, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nimemsikia mwanangu akipiga kigelegele, kibovu, lakini kigelegele.

Mtihani wenyewe ni wiki mbili zijazo. Inawezekana siku hiyo Mungu akaandika mia hamsini na tisa, au hamsini na tano. Mazoezi si mtihani, hilo tunalijua. Akipata chini atarudi mezani na daftari lake, na mimi nitakanda unga.

Sasa niseme lile ambalo mimi na wewe tunalizunguka. Kinachokuuma si umri wa Mwajuma. Nilikuahidi kwamba Salma akimaliza shule ya sekondari tunarudi, na anamaliza mwaka huu. Shule ya sheria ya jioni ni miaka minne. Ulihesabu haraka kuliko mimi, na ukaona ni rahisi kusema mtihani wa watoto kuliko kusema unanihitaji. Dada, ahadi hiyo naivunja. Siipambi. Nitakuja kukuona, lakini kurudi kabisa, si mwaka huu wala mwakani. Una haki ya kunilaumu, nilaumu mimi. Mwajuma usimguse. Siku ulipouza cherehani yako nikaingia kidato cha kwanza, majirani walikwambia unapoteza. Uliwajibu nini? Uliwajibu, "Waache wahesabu, mimi nasomesha." Ubishi huu nimeutoa kwako, sikuuokota Amerika.

Nisalimie shemeji Idi, mwambie asivute tena sigara nyuma ya choo, tunajua hata tulio huku. Shangazi mkubwa umshike mkono kwa niaba yangu. Mama Rukia jirani, aliyekuwa akinichapa kwa ruhusa yako, mwambie fimbo zake bado nazihesabu. Na maalim wetu wa madrasa, kama hana tena macho ya kusoma, asomewe mstari ule wa bafuni, ajue kazi yake imefika wapi. Salma anasema wewe shangazi yake umwombee mama yake dua, na hilo amelisema kwa Kiswahili, niliandike hivyo.

Na sasa swali lako. Uliniuliza, "Kwa hiyo hutamkataza?"

Ndiyo, dada.

Wewe huhitaji mkalimani.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Ramadhani