Makala Inayoniangusha Imeletwa Kwangu Niipime

Shangazi, shikamoo. Safu yako naisoma tangu nikiwa mwanafunzi, sikudhani kuna siku na mimi nitashika kalamu kukuandikia, lakini leo nimefunga mlango wa ofisi na nimeona hakuna mwingine wa kumwambia haya.

Mimi ni mtafiti wa sayari. Watu wakisikia hivyo wanadhani natabiri bahati kwa nyota, hata msusi wangu huniuliza mwezi huu umekaaje, lakini kazi yangu ni kupima picha zinazopigwa na vyombo vinavyoizunguka sayari ya Mirihi, na miaka ya nyuma niliandika makala kuhusu michirizi myeusi inayoteremka kila majira ya joto kwenye kingo za makorongo ya huko, nikasema ni maji ya chumvi yanayochuruzika, na hiyo makala, Shangazi, ndiyo iliyonifanya nionekane mtu, maana sisi tunapimwa kwa mambo mawili, umeandika nini na wenzako wangapi wamekutaja katika maandishi yao, na makala zangu nyingine hutajwa mara mojamoja tu ila hiyo moja inatajwa kila mahali, mpaka mama mkwe wangu anawatambia majirani kwamba mke wa mwanawe ndiye aliyegundua maji juu mbinguni.

Sasa mhariri wa jarida moja ameniletea makala mpya niipime kama inafaa kuchapishwa, jina la mwandishi limefichwa kama ilivyo kawaida yetu, lakini sikumaliza ukurasa wa pili kabla ya kumjua, ni binti niliyemfundisha mwenyewe, tunamwita Darubini kwa unene wa miwani yake, aliishi chumba chetu cha nyuma alipokuwa akimalizia shahada yake na mpaka leo ananiita Mama. Anasema hakuna maji. Anasema ni mchanga mkavu unaoporomoka, na Shangazi, nimeyarudia mahesabu yake nikitafuta pa kumkamatia na sijapaona. Amepatia.

Shida ni kwamba kamati ya kupandisha vyeo inakaribia kukaa na jina langu limo, nafasi ya uprofesa, na mkuu wa idara aliponiita alifungua faili langu akaligonga kwa kidole akasema, "Dada, hapa tunaringia ile makala yako ya maji, hizi nyingine ni za kusindikiza," nami nikacheka kama mjinga nikatoka. Nyumbani nikamweleza mume wangu, fundi wa mafriji, akiwa anaosha vyombo. "Hujamwibia mtu," akasema. "Iache hapo ilipo mpaka kamati imalize, halafu ipitishe. Nani atajua?" Nikamwambia nitajua mimi. Akafunga bomba akanigeukia, "Basi usiniulize mimi mke wangu, maana mimi nataka upande cheo."

Kwa hiyo imekaa. Mhariri amekwisha kunikumbusha, nikamjibu nina kazi nyingi, na jana Darubini alinipigia kunisalimu tu, hakutaja chochote, nikajikuta nakatisha maneno kama mtu anayedaiwa. Nifanye nini, Shangazi?

Mama wa Michirizi

JIBU

Marahaba, binti yangu. Pole, na pole hiyo naitoa kwa moyo, maana kuona kazi ya ujana wako ikibomolewa na mtoto uliyemlea si jambo la kumezwa kwa chai.

Sasa nisikilize. Kwa kukosea kule hukumkosea mtu. Uliangalia picha ulizokuwa nazo, ukasema ulichokiona. Mliofanya kazi ya kutazama korongo ambalo hakuna aliyewahi kulikanyaga, mlitegemea nini, kupatia kila siku? Hilo lifute. Kosa lako ni jipya, na ni hili la kukalia kazi ya mwenzako huku ukimdanganya mhariri kwamba una shughuli nyingi. Shughuli gani? Na huyo binti naye ana kamati yake inayomngoja.

Mumeo usimgombeze. Amesema ukweli wa moyo wake na vyombo ameosha. Wangapi wana mume wa hivyo?

Sikungoja siku ya gazeti, nilikupigia simu kwa namba uliyoiandika chini ya barua, na wasomaji wajue kilichofuata. Nilikuambia umwandikie mhariri waziwazi: makala hii inapinga yangu, na nadhani mwandishi namfahamu, je, niendelee au umtafute mwingine? Ulilia kidogo, ukaandika. Mhariri akajibu kwamba atamtafuta mpimaji mwingine, ila maoni yako anayataka pia, yakiwa na jina lako. Ukayatuma: mahesabu ni sahihi, ichapishwe.

Kisha ukaenda kwa mkuu wa idara kwa miguu yako, ukamweleza kwamba ile makala ya maji haisimami tena. Akakuuliza, "Hukuweza kusubiri kidogo?" Ukamwambia ulishasubiri kupita kiasi. Faili limerudishwa kabatini mpaka kikao kingine. Najua inauma. Sitakudanganya kwamba cheo kitakuja tu kwa sababu umefanya haki. Huenda kikachelewa sana.

Yaliyobaki ni haya. Zile makala ulizoziita za kusindikiza zitoe, uzisome upya kwa jicho la mgeni, uchague moja unayoipenda wewe, hata kama haijatajwa na mtu, na uiendeleze. Mama mkwe mwambie mwenyewe, kwa upole, asije akasikia kwa jirani. Na Darubini usimguse kwa sasa. Kumwambia kabla jarida halijaamua ni kuharibu ulichotengeneza. Ila siku makala yake ikitoka, usingoje akupigie kwa sauti ya kuomba radhi, maana hana la kuombea radhi. Piga wewe. Usianze na michirizi yako. Muulize huo mchanga unaporomoka kwa nini majira yale ya joto na si mengine, halafu nyamaza, umwache azungumze.