Majivu Anaongea Kama Mimi

Dukani kwa Mama Eddah,
Kapseret, Eldoret.
Jumapili, 22 Februari 2026

Mpendwa ndugu yangu Mbuthia,

Pokea salamu tele kutoka kwetu sote. Vipi afya yako? Lile joto la Doha limekuhurumia kidogo, au bado mnafanya kazi mkioga jasho? Na mgongo je, unakunywa zile dawa ama unazipanga tu dirishani? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mzee wangu Mburu anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mvua bado. Vumbi la barabara ya uwanja wa ndege tunalila pamoja na ugali.

Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Tumempa jina lako, usikasirike.

Najua umeshangaa kuona barua. Umenizoea na ule ujumbe wangu mrefu wa sauti, ambao ulisema unausikiliza ukifua nguo. Nimeacha kuutuma. Sauti yangu nimeisikia ya kutosha siku hizi, nimeichoka. Wakoli, mume wa Namalwa jirani yetu, anarudi huko kazini Alhamisi, ndiye nimempa barua hii akufikishie mkononi.

Unakumbuka Eddah alipata kazi kwa ile studio ya katuni pale mjini. Tulimshukuru Mungu, tukachinja kuku. Katuni yenyewe ni ya kufunza watoto kutunza mazingira. Kuna msichana anaitwa Chipukizi, ana nguvu za ajabu: akigusa kisiki kinachipua, akitia mkono mtoni maji yanakuwa safi. Siku moja alianguka kwenye mtaro wa kiwanda, na ndani ya yale maji machafu akatoka msichana mwingine, sura ile ile, urefu ule ule, ila roho mbaya. Huyo ndiye Majivu. Kazi yake ni kukata miti, kuchoma makaa na kumwaga sumu mtoni. Kwa vile wanafanana, Eddah alipewa sauti zote mbili.

Chipukizi anaongea kama Eddah mwenyewe, Kiswahili cha shule kilichonyooka. Majivu anaongea kama mimi.

Sikutanii. Mburu ndiye alianza, simu mkononi, akaniita kutoka jikoni: "Mama Eddah, njoo ujione!" Nikamsikia yule shetani akipiga kelele, "Usinisumbue akiri!" Ala! Mbuthia, hiyo ni yangu. Ndivyo ninavyowaambia wateja wanaochagua mandazi kwa kuyafinya. Kwa kalamu naandika akili vizuri, unaona, lakini ulimi wangu ulinyonya Kikuyu na L haitaki kukaa pale. Hata kale kakikohozi kangu kabla ya kukaripia mtu, Majivu anako.

Siku hiyo na mimi nilicheka. Huyo mtoto anajua kuiga.

Sasa watoto wakija kununua maziwa wananiita Mama Majivu. Hilo ningelimeza, mtoto ni mtoto. Lakini kila mwisho wa katuni Chipukizi humnyooshea Majivu kidole akimfukuza msituni, na maneno yake ni haya: "Rudi ulikotoka!" Watoto wameyashika. Wakitoka shule wanapita mbele ya duka wakiimba, "Majivu, rudi ulikotoka!" halafu wanatimua mbio wakicheka. Juzi mtu wa boda boda, mtu mzima na ndevu zake, akaitikia pamoja nao.

Wewe hayo maneno unayajua. Ndiyo yaliyobandikwa mlangoni kwetu Burnt Forest, ule mwaka wa vita vya kura, kabla duka halijachomwa. Na unakumbuka pale kwenye kizuizi cha barabarani, walivyotusemesha mmoja mmoja wasikie ulimi wetu ni wa kabila gani kabla ya kutupitisha, wewe ukajifanya bubu, mimi nikajifunga leso mdomoni nikidai jino linaniua. Tulipofika hapa Kapseret nilimkataza Eddah Kikuyu kabisa, akiwa na miaka sita. Nilitaka ulimi wake usije ukamponza mahali popote. Sasa ulimi huo huo ndio unaniambia nirudi nilikotoka. Nirudi wapi, Mbuthia? Nilikotoka ni Burnt Forest, si mbali hata, na huko ndiko nilikofukuzwa. Mwaka ujao ni wa kura, na wimbo wa watoto unaninyima usingizi.

Nilimkalisha Eddah chini nikafoka, unanijua. Nikamuuliza kama amesoma hadi chuo aje kuniuza kwa watoto wa jirani. Akalia. Akasema aliambiwa atafute sauti ya mtu ambaye haogopi mtu yeyote, na hakuwaza mara mbili, aliniwaza mimi. Alidhani ananisifu! Ndipo nikamweleza mambo ya Burnt Forest, yote, kwa mara ya kwanza. Yeye alikumbuka moshi tu, na kwamba hakuna aliyemruhusu kuuliza. Alisikiliza hadi chai ikapoa.

Jumatatu iliyofuata alienda studio akawaomba wabadilishe yale maneno, na Majivu apewe sauti isiyo ya kabila la mtu. Bosi wao akamwambia anakuza mambo, watoto wanayapenda hivyo hivyo. Eddah akakataa kuyasema tena. Basi, akaambiwa wasichana wa kuongea wamejaa mjini. Haikupita wiki walikuwa wamepata wengine wawili. Huyo Majivu mpya nimemsikia: anavuta maneno kama mlevi, L na R anazitupa popote. Wa Eddah angalau nilikuwa mimi, na ukisikiliza vizuri unajua aliyemwiga anampenda. Huyu ni wa kuchekwa tu. Na watoto bado wanapita na wimbo wao.

Kwa hiyo mpwa wako yuko nyumbani, ananisaidia dukani, haongei sana. Kazi aliyoitafuta miaka miwili imeenda kwa sababu yangu. Nina hasira na wale wa studio, halafu namwangalia anavyopanga mikate, nahisi vibaya.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni cha jana. Nilikuwa jikoni, Eddah akaingia akaniuliza kwa Kikuyu kama chai imetiwa sukari. Kumbe amekuwa akijifunza peke yake kwa simu, kimya kimya. Mbuthia, kilikuwa kimevunjikavunjika, kinapanda pasipopandwa, kama cha padri mgeni. Nami nikacheka. Nilicheka kwa nguvu hadi nikashika meza, kabla sijajua ninacheka nini. Mtoto akainamisha kichwa, akajimiminia chai, akatoka nayo nje.

Nilimfuata nikamwomba aseme tena. Leo kabla ya kanisa nikamwomba, na tukirudi nikamwomba. Ananitabasamia tu na kunijibu kwa Kiswahili, kile kizuri.

Msalimie Phineas mnayelala naye chumba kimoja, mwambie mkewe Nekoye nilimwona sokoni na ni mzima. Mama yetu anakuombea kila jioni, anataja jina lako kabla ya letu sisi tulio karibu. Mungu akufunike huko ugenini, akurudishe nyumbani ukiwa na mgongo wako mzima.

Na Eddah ukimpigia simu, mwongeleshe Kikuyu. Akikosea, nakusihi ndugu yangu, usicheke.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Nduta