Taa Nyekundu ya Bawa la Kushoto

Baba,

Najua hukupenda barua. Hata zile zilizotoka kwa ndugu zako Bungoma ulimpa Mama akusomee, wewe ukiendelea kufungua redio ya mtu kana kwamba habari hazikuhusu. Hii utaisikiliza mpaka mwisho. Safari hii huna redio ya kujifichia.

Nataka tuongee juu ya ile ndege ya plastiki. Unaikumbuka, usijifanye. Meneja wa shamba la maua alirudi nayo kutoka likizo, vipande vya kijivu ndani ya boksi, akataka uiunganishe na uitie taa ili ikae mezani pale wageni wanapopokelewa. Wewe ndiye uliyekuwa fundi wa stima wa shamba lote. Uliileta Kitengela, kwenye nyumba yetu ya kupanga, umeikumbatia kifuani, na kwa wiki nzima hakuna aliyeruhusiwa kupumua karibu na meza. Isipokuwa mimi.

Watu walidhani unanipenda kuliko wenzangu. Mama mwenyewe alidhani hivyo. Ni mimi na wewe tu tuliojua kwamba ulinihitaji kwa sababu hukuweza kutofautisha nyekundu na kijani. Mama alikuwa akilalamika kwamba wauzaji wa nyanya za Kimana wanakupunja, kwamba kila ukitumwa unarudi na nyanya mbichi. Ulikubali kuitwa mjinga wa sokoni. Ukweli ungekuponza kazini, fundi wa stima asiyejua rangi ya waya.

Nilikuwa na miaka saba uliponigundua. Ulinyanyua rezista, ile punje ndogo yenye mistari ya rangi, ukaniuliza kama mchezo, "Nekesa, hii ni gani?" Nikakusomea mistari yote. Tangu siku hiyo kila Jumamosi ulikuja na vitu vya kazini, nami nikavitenga kwenye mikebe. Waya nyekundu nilizikata alama moja kwa kisu karibu na ncha, za kijani alama mbili, ili Jumatatu kidole chako kisome kile ambacho jicho halikusoma. Miaka minne, Baba. Shamba zima liliwaka kwa macho yangu na hukuwahi kuniambia asante, labda kwa sababu asante ingekuwa kukiri.

Sitasema sikufurahia. Nilipenda harufu ya moshi wa risasi ya kulehemu ikiyeyuka. Stima ilipopotea, na ilipotea kila mara, ulikichomeka chuma chako cha kulehemu kwenye makaa ya jiko, ukakipangusa kwa kitambaa chenye maji, ukaendelea. Ulinifundisha kwamba taa ya LED iko na mguu mrefu na mguu mfupi, na mrefu ndio unaokwenda kwa chanya ya betri. Ulinifundisha kulehemu mbali na plastiki, kwa sababu bawa la ndege likipata joto linakunjamana na halirudi tena. Kibanio changu cha nywele ndicho ulichobana kwenye mguu wa taa ili joto lisipande kuiua. Nilikwenda kanisani nywele zikining'inia na nikajiona mtu wa maana sana.

Kwa hiyo nilipokuwa natamani lile sanduku lako la vifaa, sikuwa mtoto anayetamani cha mtu. Nilikijua kila kilichomo. Nilijua koleo gani linauma na bisibisi gani imelika. Nilingoja tu siku utakayoniambia ni langu.

Jumamosi ile tulikaa kwenye baraza ili upate mwanga wa jua. Ulikuwa umeshatoboa mabawa kwa sindano ya moto na kupitisha waya nyembamba ulizotoa kwenye transfoma mbovu. Zilibaki taa mbili tu, nyekundu ya bawa la kushoto na kijani ya bawa la kulia, kama zilivyo kwenye ndege za kweli. Mzee Lemayian, mwenzako wa kazi, alikuja na maziwa, akaketi akikutazama. Wafula, kaka yangu, alikuwa kwenye kiti kingine anasoma kurasa za mpira.

Mzee Lemayian akakuuliza, "Sasa hii kazi yote utaachia nani?"

Hukufikiria hata kidogo. "Si huyu kijana? Akimaliza fomu foo anaenda poli kusomea stima. Hii sanduku ni yake."

Wafula hakuinua kichwa. Mimi nikasema, "Na mimi, Baba?"

Ukacheka. Kicheko chako kile cha tumbo, ambacho siku nyingine nilikipenda. "Wewe? Wewe utapikia fundi."

Mzee Lemayian naye akacheka, kisha akaondoka zake. Wafula akaingia ndani. Tukabaki wawili, wewe na mimi na mkebe wa taa. Ukachovya vidole, ukatoa moja, ukaniuliza bila kunitazama, kama ulivyozoea, "Hii ni gani?"

Ilikuwa ya kijani.

"Nyekundu, Baba."

Ukailehemu kwenye waya za bawa la kushoto. Ukatoa ya pili nikakudanganya tena. Na kabla ya kupaka gundi na kufunga tumbo la ndege, ulifanya kile ulichonifundisha kisipuuzwe kamwe, ukajaribu kwa betri. Taa zote mbili zikawaka. Ukaniuliza, "Ya kushoto inatoa nyekundu?" Nafasi hiyo nilikuwa nayo, Baba. Gundi ilikuwa bado ndani ya chupa yake. Nilikujibu kwamba inatoa nyekundu sawasawa.

Yaliyotokea Jumatatu tuliyasikia kwa Mzee Lemayian, ambaye alikusindikiza nyumbani na kusimama mlangoni akipigapiga kofia kwenye goti. "Mama Wafula, leo kazi iliharibika," akasema. Rafiki ya meneja, rubani wa ndege ndogo huko Kajiado, alikuja kunywa chai, akaiona ndege mezani, akauliza ni nani aliyezipishanisha taa za mabawa. Meneja akakuita. Mwanzoni ilikuwa mzaha. Kisha mtu akashika waya mbili mbele yako akakwambia uonyeshe nyekundu. Ofisi imejaa watu. Ukaonyesha ya kijani.

Kabla ya wiki kwisha walikupeleka getini, kuandika namba za magari. Walikupa koti la bluu na rungu. Ndege walikurudishia.

Ulikula chakula chako siku ile ya Jumatatu, ukanawa mikono, ukaniita. Nilijua nitapigwa na nilikuwa tayari, hata nilitaka. Ukaniuliza taratibu, "Nekesa, ulikuwa umeona vizuri?"

"Nilikuwa nimeona vizuri, Baba."

Ndilo lilikuwa ungamo langu, na ulilielewa. Ukaitikia kwa kichwa mara moja. Hukuniuliza rangi ya kitu chochote tena mpaka unakufa. Nguo zako ulivaa jinsi zilivyokuja mkononi. Nyanya mbichi ulizila. Miaka ile yote ya geti ulipita mlangoni na rungu lako, ukanisalimia vizuri, na hukumwambia Mama, na hukunichapa. Nimekuchukia kwa hilo kuliko kwa sanduku. Ungenichapa ingekwisha. Ungeniambia "ulinikosea," nami ningekwambia "ulianza wewe," tungelia, tungekula. Uliamua kuwa mwema kimya kimya na ukaniachia uovu wote niubebe peke yangu, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Ulipokufa sanduku lilikwenda kwa Wafula, kama ulivyosema. Hakusomea stima. Anaendesha lori la vitunguu na anaishi Rombo, na nilipomtembelea nilikuta sanduku lako uani, kuku wanatagia ndani. Chuma cha kulehemu hakujua kiko wapi. Tayari nilikuwa na changu. Nina kibanda Kitengela, natengeneza simu, na wateja wakinikuta huniuliza fundi yuko wapi. Nawaambia ni mimi. Kila mara nikisema hivyo nakuona unacheka, na risasi inanimwagikia vibaya.

Nina mtoto wa kiume, hukumwahi. Mama alisisitiza apewe jina lako, kwa hiyo ni Simiyu, na kwa kuwa amebeba jina la baba yangu namwita baba, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya. Mwaka huu ameanza nasari. Mwalimu aliniita akanionyesha picha aliyoipaka rangi. Ng'ombe amesimama kwenye nyasi nyekundu.

Daktari wa macho aliniuliza kama baba yangu alikuwa hivyo hivyo. Siri yetu bado ilinibana mdomo, lakini nikamjibu kwamba ndiyo. Akanieleza kwamba jambo hili humpitia binti bila kumgusa, kisha likamshika mjukuu. Kutoka kwa baba halipiti kwa mtoto wake wa kiume. Wafula hana, wala hatawapa watoto wake. Nilicheka pale pale kwa daktari, kicheko chako cha tumbo, mpaka akaniletea maji. Sanduku ulimpa yeye. Mimi ulinipa hiki.

Jumamosi iliyopita niliitoa ndege juu ya kabati. Nimekaa nayo tangu mazishi, taa zake zimepishana vile vile, kwa sababu huwezi kuzifikia bila kupasua gundi. Nikapasua. Tumbo lilifunguka na kibanio changu cha nywele kikaanguka, ulikuwa umekisahau ndani. Simiyu alikaa mbele yangu barazani, miguu haifiki chini. Nikamwonyesha mguu mrefu na mguu mfupi. Nikamwambia pia, kwa sauti ambayo jirani angeweza kusikia, kwamba macho yake hayaoni nyekundu na kijani, kwamba babu yake alikuwa vivyo hivyo na alikuwa fundi mzuri sana.

Akafikiria. Akachovya vidole kwenye mkebe, akatoa taa moja, akaniinulia.

"Mama, hii ni gani?"

Mkono wangu ulikuwa na chuma cha moto, nikakiweka chini kwanza.

"Kijani, baba," nikamwambia. "Hiyo ni kijani."

Sijakusamehe yote, na sidhani nawe umenisamehe. Lakini ya kushoto sasa inatoa nyekundu. Lala.

Ni mimi binti yako, niliyekuwa nimeona vizuri,
Nekesa