Mahari Yangu Imehamia Kwenye Albamu ya Mume Wangu

Mpendwa Bu Endah, mama wa safu ya ushauri,

Nakuandikia kwa mkono mmoja, wa pili umembeba mwanangu Laras anayeota meno na hataki kulala ila begani, kwa hiyo nisamehe mwandiko, nisome tu mpaka mwisho, maana hapa Solo sina wa kumwambia ambaye hamjui mume wangu.

Mas Tunggul aliponioa, mahari yangu ilikuwa noti moja ya gulden tano, pesa ya wakati wa Waholanzi, ya miaka ile ya kati ya vita vikuu viwili, yenye picha ya mchezaji wa ngoma wa Kijava aliyevaa taji, na wewe unajua siku hizi wachumba wengi hutoa noti za kale ila mafundi huzikunja na kuzipaka gundi mpaka ziwe tausi, yeye akakataa katakata, akasema noti ikikunjwa imekufa, akaiweka yangu imenyooka kati ya vioo viwili vya fremu, shangazi zangu wakacheka, "Mahari gani hii, Tunggul, kama picha ya pasipoti!" naye akawajibu, "Shangazi, tausi wenu wataruka, huyu wangu atabaki anacheza."

Na kweli alicheza, Bu. Nilimwomba Mas aining'inize fremu dirishani, akakunja uso, lakini akakubali, na tangu Laras azaliwe, kila alasiri mvua ikikatika na jua likirudi nilikuwa nakaa pale namnyonyesha, mwanga unapita nyuma ya noti, ile alama hafifu iliyofichwa ndani ya karatasi inajitokeza taratibu, mchezaji anakuwa kama anavuta pumzi, na mimi niliyechoka mpaka nasahau kama nimekula naona nimekaa ukumbini kwa watu wa kale, gamelan inapigwa mbali, hakuna nepi, hakuna vyombo, Laras ananyonya na yule mwanamke mwenye taji anatuchezea sisi wawili tu, sijui nikuelezeje, ilikuwa ndiyo mapumziko yangu.

Siku moja mwanga ukapita na alama haikutokea. Nikasogea, nikaona hata madoa ya rangi ya chai yaliyokuwa yameanza kwenye kona hayapo, noti safi kama imezaliwa jana, nikajua hiyo ni nakala. Jioni nikamuuliza kwa mzunguko, "Mas, huyu mchezaji mbona kama amebadilika?" Akanijibu huku akila tempe ya soya, "Abadilike vipi, Dik wangu, mtu wa kwenye karatasi?"

Halafu akaja rafiki yake Pak Gondo, mkusanyaji mwenzake, wakafungua albamu sebuleni nami nikiwa naleta chai, nikamsikia mgeni anapiga kelele, "Wee Tunggul! Seti imetimia! Hii ya gulden tano umeitoa wapi?" na mume wangu akasema, "Ninayo siku nyingi." Siku nyingi, Bu Endah. Hakusema, "Ni ya mke wangu." Pak Gondo akamwambia, "Nipe hii, nami nikupe ya kwangu yenye saini ya gavana mwingine wa benki, utakuwa na adimu zaidi," na yeye hakukataa, akasema tu, "Tutaona Semarang," ndiko wanakokutana wakusanyaji baada ya Idd.

Mama yangu anasema, "Karatasi tu hiyo, nyamaza, mume havuti sigara wala hachezi kamari." Na ni kweli ni mwema, anarudi kutoka gereji na oili mpaka viwikoni, ananawa mikono mpaka inakuwa myekundu ndipo aguse albamu yake, uso wake unalainika kama wa Laras akishiba, mimi nitaanzaje kumvunjia furaha hiyo? Lakini nataka mahari yangu, Bu. Nidai, au niache iende Semarang isirudi?

Wening, Solo

Mpendwa Wening,

Kwanza mpe Laras kitambaa safi chenye maji baridi atafune, bega lako lipumzike. Sasa tuongee.

Mama yako anakupenda, lakini hapa amekosea. Kutovuta sigara si ruhusa ya kuchukua mahari ya mtu. Noti hiyo ni yako, hata kama Tunggul anaijua mara mia kuliko wewe. Ungempa kwa ridhaa yako, ingekuwa zawadi. Kuitoa kimyakimya na kuweka nakala kuna jina lake, nawe unalijua, ndiyo maana hukuliandika.

Na wewe pia! Karatasi ya umri wa bibi yako unaining'iniza dirishani, kwenye jua na unyevu wa Solo? Mwenzio alikuwa anamtazama mchezaji akififia kila alasiri, akavumilia kwa sababu wewe ulimwomba. Nahisi siku alipoona madoa aliiogopea noti, akasahau kukuogopea wewe. Hilo linaeleza kosa lake. Halilifuti.

Basi fanya hivi. Usifungue albamu akiwa gereji, utakuwa umefanya yale yale. Ngoja arudi, anawe mikono, nawe simama kando yake unawe yako. Ataelewa kabla hujafungua mdomo. Kisha mwambie, "Mas, nataka mahari yangu mkononi." Hayo tu. Akianza habari za seti na saini, rudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile unayombembelezea mtoto.

Pak Gondo aambiwe na Tunggul mwenyewe kwamba noti ni ya nani na kwamba haibadilishwi. Hili usilegeze hata kidogo. Ukipenda, iazimishe iende Semarang, lakini kibandiko chini yake kisomeke: Mahari ya Wening. Ikirudi, ikae kwenye mfuko wake wa plastiki, kabatini kwako, ufunguo kwako. Nakala ibaki dirishani ipigwe jua itakavyo, sasa kila mtu nyumbani anajua ni nakala.

Ila kabla hujafunga kabati, ishikeni dirishani nyote watatu, alasiri moja, mvua ikikatika. Alama ikijitokeza na yule mwanamke akaanza kuvuta pumzi, wewe usiseme kitu. Mwache Tunggul aanze. Neno la kuomba radhi analijua.

Bu Endah