Herufi Tisa Ubavuni mwa Mashua

Baba,

Kwa heshima na taadhima nakuarifu kwamba ubavu wa mashua yetu ya faiba sasa unasomeka BABA KESHO. Sikutumia rangi. Leo asubuhi nilikuomba tena tuing'arishe, ukasema, "Kesho, mwanangu," ukaenda kazini. Kesho mimi niko bweni. Basi nimeng'arisha herufi hizo tisa tu, kwingine kumepauka vilevile.

Hazitapotea mpaka usugue mashua nzima. Ioshe kwanza. Dawa ya kung'arishia iko kwenye kopo la bluu. Fanyia kivulini isikukaukie. Mwisho nta, usisahau. Mjomba anakuja Jumamosi, na anajua kusoma.

Mama, usimsaidie.

~~Samahani, Baba.~~ Hii ni likizo ya tatu nangoja tushuke nayo majini, mimi na wewe.

Kitindamimba wako