Ulimi Niliomkabidhi Mungu

Kebirigo, Nyamira,
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa mdogo wangu Abigael,

Bwakire, mtoto wa mama. Hamjambo huko Mwanza? Mguu wa shemeji Mathew umepona tangu aanguke na pikipiki? Watoto wanasoma? Sisi hapa tunapumua. Presha ya Thadeus inapanda na kushuka, lakini vidonge anameza kila asubuhi bila kukumbushwa, jambo ambalo hajalifanya kwa kitu kingine chochote nilichomwambia tangu anioe. Mimi magoti yananisumbua kwa baridi. Mvua imeanza mapema mwaka huu na migomba haijaanguka.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Nimekupigia mara mbili na mara zote nikakata kabla hujapokea, kwa sababu najijua. Kwenye simu maneno yananitoka kabla sijayaona. Hapa naweza kufuta, na nimefuta sana. Naandika Kiswahili ili shemeji asome mwenyewe, asije akadhani tunamsengenya kwa Ekegusii. Jethro wa duka la mbegu anavuka mpaka wa Sirare keshokutwa, atakuletea mkononi.

Damaris ameondoka. Damaris wetu, mke wa Ian, yule uliyemshonea gauni la harusi. Yuko kwao Nyacheki tangu Januari. Watu watakuwa wamekwambia kwamba mama mkwe alimfukuza kwa mdomo. Nataka uisikie kwangu, kwa sababu waliokusimulia wamepunguza.

Mwezi wa kumi na moja tulipeleka majani ya chai kituoni, mimi na yeye. Karani akapekua gunia lake akakuta majani magumu, yale yaliyokomaa ambayo hayafai, akamrudishia yote kwa kuyamwaga chini mbele ya foleni. Ni jambo linalompata kila mtu. Hata mimi limenipata. Lakini siku hiyo nilijisikia kama ni mimi niliyemwagiwa chini, nikafungua mdomo. Nilimwambia, "Sasa wewe unaweza nini? Mtoto umeshindwa, chai nayo umeshindwa."

Abigael, mimba mbili zimemtoka yule msichana. Ya pili nilimshika mkono mimi mwenyewe hospitalini. Na watu walicheka. Si wote, ila waliocheka walitosha. Alizoa majani yake, akafunga gunia, akarudi nyumbani mbele yangu, na uji wa siku hiyo alinipikia kama kawaida.

Sikumwomba msamaha. Utasema ni kiburi, na kiburi kilikuwepo, lakini kulikuwa na kingine. Unajua nilivyo tangu utoto. Wewe ulipewa ulimi wa asali na mimi nikapewa wembe, sijui siku ile ya kugawa nilisimama foleni gani. Tangu nibatizwe, miaka thelathini sasa, nimemwomba Mungu aniondolee. Nimefunga na kuomba. Nimewahi kunyamaza wiki nzima mpaka Thadeus akadhani naumwa, akaenda kuniitia daktari. Mchungaji wetu mpya kila Sabato anatuhimiza tumkabidhi Mungu mapungufu yetu. Mimi nilishamkabidhi. Laiti huko juu wangekuwa wanatoa risiti, ningemletea mchungaji aione. Ulimi naukabidhi Sabato, Jumatatu naukuta mdomoni.

Kwa hiyo nilikuwa nimejiwekea utaratibu wangu. Kwanza Mungu anitengeneze, halafu ndipo niende kwa mtu niliyemkosea. Nikimwomba Damaris msamaha leo na kesho nimchome tena, si nitakuwa nimemfanyia Mungu mchezo? Nikaona heri ningoje. Nilijiona mcha Mungu kabisa kwa kungoja huko.

Sabato ya tarehe nne Januari ilikuwa meza ya Bwana. Unajua kwetu tunaanza kwa kuoshana miguu, kina mama chumba chao, wawili wawili, na mnaoshana mkiombeana, na kama kuna neno kati yenu linaishia pale. Na unajua pia tunavyofanya hasa. Kila mtu ana mwenzake. Mimi na Drusilla tumeoshana miguu miaka kumi na moja, kila robo ya mwaka, na hatujakosana hata kwa kijiko. Ndiyo maana tunachaguana. Wenye ugomvi wanaketi pembe mbili za chumba, kila mmoja anaosha miguu ya mtu asiye na neno naye, kisha tunatoka wote tumetakata kwenda kula mkate. Hakuna anayetukemea, maana hata wakemeaji wana wenzao.

Siku hiyo Damaris alikuja na karai. Maji alikuwa ameyachemsha nyumbani akayabeba kwa thamosi, kwa ajili ya magoti yangu, kwa sababu maji ya kanisani ni ya bomba na yanauma. Akasimama mbele yangu.

Nikasema, "Nina mwenzangu."

Kama hiyo haikutosha, nikaongeza kwamba mke wa mtoto hashiki miguu ya mama mkwe, ni chinsoni. Nilijificha nyuma ya heshima za wakwe, Abigael! Na kila mama mle ndani alijua, kama wewe unavyojua, kwamba chinsoni kali ni ya baba mkwe, na haina habari na karai la kanisani. Halafu nikamnyooshea Drusilla miguu. Drusilla aliniosha akitazama sakafu, na sikumbuki kama tuliomba. Damaris akaenda kumwaga maji yake kando ya ua, akafuta karai kwa leso, akaingia kanisani akaketi. Mkate ulipopita hakuuchukua.

Jumatatu nilitoka shambani nikakuta kufuli mlangoni kwake. Ian alikuja Ijumaa kutoka Kisii mjini, hata chai hakunywa. Aliniambia, "Mama, la kituoni alilivumilia. La karai limemshinda." Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Ni mwanangu wa pekee wa kiume na sasa habari zake naulizia kwa watu.

Nilimkasirikia Mungu. Nilimwambia ulimi ni kazi ya mikono yake, mimi nimemwomba kwa adabu miaka yote hii na yeye amekaa kimya akiangalia ninavyobomoa nyumba. Hata leo hasira hiyo haijaisha yote, na sitakudanganya kwa sababu tu naandika barua na barua zinapaswa kuwa nzuri.

Lakini mwezi uliopita, nikiwa nachuma, swali likanijia. Je, kama hatauondoa kabisa? Kama nitazikwa nao? Nina miaka hamsini na tisa. Ina maana Damaris atangoja mazishi yangu ndipo aombwe msamaha, na aombwe na nani? Niliketi chini katikati ya mistari ya chai na kikapu mgongoni. Nikaona kwamba wakati wote huu nilikuwa nikimwamini Mungu kwa ajili ya yule mimi Persis atakayekuja, aliyenyamaza na kunyooka. Persis huyu aliyepo sijawahi kumwamini Mungu kwa ajili yake hata siku moja. Nikamwambia Mungu, haya, naenda hivi hivi na ulimi wangu, na nikiharibu, aibu ni yetu sote wawili.

Alhamisi nikaenda Nyacheki. Njiani niliapa kwamba nitakuwa mpole. Mamake Damaris, Emily, nilimkuta uani, akaniitikia salamu nusu, akaendelea kuchambua maharagwe na mimi nimesimama. Haki yake. Ningefanya zaidi. Lakini dakika tano hazikuisha nikasikia mdomo wangu ukimuuliza kama huku kwao viti vimekwisha.

Damaris akatokea jikoni. Akamwambia mamake, si mimi, "Unaona? Mama hajabadilika."

Nikamjibu, "Kweli, sijabadilika. Nilikuwa nangoja nibadilike ndipo nije, nikaona utazeeka hapa." Nikamwomba msamaha nikiwa nimesimama vilevile, wa kituoni na wa karai, neno kwa neno kama nilivyoyasema, mbele ya mamake. Nililia. Sikuwa nimepanga kulia, na kamasi zilinitoka kama mtoto.

Hakunikumbatia. Kwenye shuhuda za kanisani hapa ndipo watu hukumbatiana. Aliniletea kiti. Akasema alishanisamehe tangu Januari, kwa sababu yeye hawezi kulala na kitu moyoni. Halafu akaniambia ana mimba ya miezi minne.

Siku ile ya karai ilikuwa changa, alikuwa amemwambia Ian peke yake. Alitaka nimwombee tukioshana, kwa sababu aliogopa isije ikatoka kama zile mbili. Hilo ndilo aliloniletea, mdogo wangu, na mimi nikamwambia nina mwenzangu.

Nilisema nitamwombea pale pale. Akasema, "Omba ukiwa Kebirigo, Mama." Kwetu harudi. Akijifungua atakaa Nyakoe, ambako Ian amepanga nyumba. Na hataki niwepo siku ya kujifungua, wala majuma ya kwanza ya mtoto. Nilimuuliza kama hajanisamehe basi. Akanijibu kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kelele: "Nimekusamehe. Lakini naogopa utasema neno siku ambayo sitakuwa na nguvu ya kulibeba."

Ni kweli ningelisema.

Sasa nimefika kwenye sababu ya barua hii. Damaris anataka mama mmoja wa upande wetu awe naye, na aliyemtaja ni wewe. Wamemwambia katikati ya Agosti. Nakuomba uje. Shemeji akuruhusu mwezi mmoja, nitamlipa kwa shukrani maana sina kingine. Ukae naye Nyakoe, umpikie uji wa wimbi, umwogeshe mtoto, umpokee mikononi kabla ya watu wengine. Kazi hiyo ni yangu. Nimeingoja tangu Ian alipozaliwa, na tangu Alhamisi nakuonea wivu hata usingizi sipati. Njoo tu.

Ukifika usinisifu kwake. Usimwambie nimebadilika, na usinitetee kwa kuwa tumenyonya ziwa moja. Akikuuliza habari zangu, mwambie niko Kebirigo, ulimi ni ule ule, na nimekaa mbali kwa sababu nampenda.

Nisalimie shemeji Mathew na wanao, Phanice na Osoro ambaye nasikia ameshanipita kwa urefu. Thadeus anawasalimu, Drusilla pia. Mungu anayetufahamu tulivyo, na ambaye bado hajatukimbia, awalinde ninyi nyote, na amlinde huyu aliye tumboni.

Ni mimi dada yako akupendaye hata anapofoka,

Persis